DAWA YA MAGUGU SI MAJI



Wengi wetu tuna kazi mbili. Mwezi mzima tu kazini relini, na mvua za masika zikianguka twapeleka fedha nyumbani ili mahindi yapandwe na kupaliliwa. Siku hizi fedha hizo mara nyingi hazilipi vibarua wa jembe, zanunua dawa ya kuua magugu. Hatuilaumu dawa. Mahindi yakisongwa na magugu katika majuma sita ya kwanza, mavuno hupungua sana, na mama aliyeachwa peke yake na eka mbili hawezi kuzimaliza kwa mkono. Lakini dawa ni sumu, na yatupasa tuijue kabla ya kuigharimia.

Kwanza, kila dawa ina kazi yake. Glaifoseti huua karibu kila jani la kijani, na mahindi yetu pia. Hiyo ni ya kusafisha shamba kabla ya mahindi kuota. Ile iitwayo 2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuacha jamii ya nyasi, na mahindi ni jamii ya nyasi. Lakini maharagwe yana majani mapana. Atrazini nayo huyadhuru maharagwe. Basi aliyechanganya mahindi na maharagwe katika shamba moja, kisha akanyunyiza dawa hizo, amelinda ugali na kuua kitoweo.

Ndugu wa Nyanza na Magharibi wajua kiduha. Gugu hili hushika mizizi ya mahindi chini ya ardhi, na likichomoza juu madhara yamekwisha kufanyika, kwa hiyo kunyunyiza wakati huo ni kuchelewa. Wataalamu wa ICIPE huko Mbita wameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi hukizuia kiduha, tena ng'ombe huila.

Pili, mwili. Sumu hizi haziingii kwa kinywa tu, hupita katika ngozi, na macho huumia upesi. Mwenye kunyunyiza avae glavu, buti za mpira, suruali ndefu, miwani na kitambaa cha kufunika pua. Anyunyize asubuhi upepo ukiwa umetulia, wala asiende akiukabili. Bomba likiziba asilipulize kwa mdomo. Asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa kwa sabuni, na nguo zake zifuliwe mbali na za watoto. Kopo tupu lioshwe mara tatu, maji yake yamiminwe ndani ya bomba, kisha litobolewe. Kopo la dawa halichotewi maji wala halitiwi maziwa, hata likinukia usafi. Wala dawa isitiwe katika chupa ya soda. Parakwati, ambayo Jumuiya ya Ulaya iliipiga marufuku mwaka 2007, huweza kuua mtu kwa funda moja, na haina dawa ya kuiponya. Mtoto hajui kusoma alama ya sumu, na chupa ya soda aijua.

Tatu, ndugu zetu wanaonyunyiza kwa ujira, wakiwa katika mashamba makubwa ya mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, au kando ya njia ya reli. Mtu hupewa bomba la lita 20 mgongoni, akiomba glavu aambiwa asubiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamlazimu tajiri kutoa na kutunza mavazi ya kumkinga mfanyi kazi na vitu vya kudhuru. Basi glavu si hisani, ni deni. Sheria hiyo hiyo yasema mfanyi kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na tajiri asimrudishe mahali pale mpaka hatari iondolewe. Afanye hivyo mbele ya shahidi, kisha alete habari katika tawi lake.

Twawaomba makatibu wa matawi wasome maneno haya katika mikutano kabla ya mvua kuanza, kwa kuwa si kila mmoja asomaye. Na kila mwanachama atakayetuma fedha ya dawa nyumbani, atume na fedha ya glavu.