Ngozi Ivute Ingali Maji

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Kisii twakumbuka ndizi, chai na yale mawe laini ya Tabaka yachongwayo vinyago na sahani. Nami nilikwenda huko na fikira hizo hizo, lakini jambo nililorudi nalo kifuani ni la ngozi.

Nilikaribishwa kutazama wanafunzi wakijitayarisha kwa mashindano ya muziki ya shule. Walicheza ngoma ya mashujaa, mikuki juu, miguu ikitikisa ardhi. Ngao zao zilikuwa za boksi, zimepakwa rangi nyekundu na nyeusi. Mvua ya alasiri ya Kisii haina miadi. Iliponyesha, ngao zile zikalegea kama mkate uliochovywa chaini. Watoto wakacheka. Mimi sikucheka.

Siku ya pili nikapelekwa kwa kijana mmoja, mshona viatu, kwenye njia iendayo Nyamira. Ukutani mwake ametundika deraya ya kifuani, ala mbili za panga na ngao moja ndefu, vyote vya ngozi.

Nikamwuliza bei. Akatabasamu, akasema: "Hizi si za kuuza, mzee. Mchana nashona viatu nipate unga. Usiku nafanya hizi nipate usingizi."

Deraya na ala amejifunza kwa kutazama kazi za Wazungu wafanyao hivyo kwa kujifurahisha, wakiiga mavazi ya mashujaa wa hadithi na sinema. Hao huonyeshana kila hatua: chukua ngozi iliyodabighiwa kwa magome ya miti, iloweke, ifinyange juu ya kifua au juu ya upanga wenyewe, kisha iache ikauke na umbo lake.

"Na ngao?" nikauliza.

"Hiyo nimeikisia tu. Babu aliyeijua alikufa kabla sijazaliwa."

Waama neno hilo lilinichoma. Deraya ya shujaa asiyepata kuishi duniani, kijana aijua hatua kwa hatua. Ngao ya babu yake mzazi, aliyeishi, akachunga, akapigana, lazima aikisie.

Sababu zake si fumbo. Wanajeshi wa Kiingereza waliingia Gusii kwa nguvu mwaka 1905, na bunduki za rashasha hazikujua ngao. Januari 1908 Otenyo, ambaye wazee husimulia kuwa alichochewa na nabii wa kike Moraa, alimchoma mkuki ofisa Northcote. Ofisa alipona, na miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Waliolipa ni wenyeji: Otenyo aliuawa, nyumba zikachomwa, mifugo ikatekwa. Kisha, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ikazifunga ebisarate, zile kambi ambamo vijana waliishi wakilinda ng'ombe. Hapo ndipo ngao ilipopata matumizi yake, na hapo ndipo kijana alipomtazama mkubwa wake. Chuo kikifungwa, somo halikai muda mrefu.

Vitu vyenyewe navyo vilisafiri. Mradi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani, kati ya mwaka 2018 na 2021, uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika makavazi ya nchi za nje. Mjukuu hukisia, na kazi za mababu zimewekwa nyuma ya vioo ughaibuni.

Lakini tusiseme kuwa kila kitu kimekufa. Tazama ala nyingine, ile ya muziki: obokano, yenye nyuzi nane na bakuli la mti lililowambwa ngozi. Hiyo ingali hai kwa sababu wapo waipigao na wapo wasikilizao. Jiwe la Tabaka nalo li hai kwa sababu lina mnunuzi. Ufundi hauhifadhiwi kwa hotuba. Huhifadhiwa na mtu auhitajiye.

Na mhitaji yupo. Shule hucheza ngoma kila mwaka. Shule ikiagiza ngao kumi za ngozi badala ya boksi, fundi atapata riziki na mtoto atajua uzito wa kitu alichokibeba babu yake. Tena Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi imezipa serikali za kaunti jukumu la kuyaandika na kuyahifadhi. Basi Kisii na Nyamira na waandike: waulizwe wazee waliosalia, na makavazi ya nje yaombwe picha na vipimo, wakati madai ya kurudishiwa vitu vyenyewe yakiendelea.

Wala tusiwacheke wa bara. Siyu, kisiwani Pate, ilisifika karne ya 19 kwa mafundi wake wa ngozi na chuma. Leo arusini kwetu, mwenye jambia la babu yake huliazima mtaa mzima, na ala ikipasuka twahangaika kumpata wa kuishona.

Chuoni tulisomeshwa kuwa Nabii Daudi alifundishwa na Mola wake kutengeneza deraya, na kwamba ngozi ya nyamafu hutoharika ikidabighiwa. Nilipokuwa mdogo niliyaona hayo kuwa mambo ya kutahiniwa. Sasa naona yana heshima kubwa kwa kazi ya mkono: kitu kilichokuwa kioze, mtu mwenye elimu hukigeuza kikadumu.

Wahenga walisema ngozi ivute ingali maji. Yule kijana alinionyesha maana yake kwa vidole: ngozi mbichi huvutwa ikiwa rojorojo, ikawambwa juu ya fito, ikishakauka hivyo hivyo, haisikii tena. Wazee walioona ngao kwa macho ya utotoni wamebaki wachache. Maji ndiyo hayo yanakauka.