Msitu husimama palipo na makubaliano

Imeenea siku hizi simulizi inayopendeza kuhusu miti: kwamba chini ya ardhi inaongea, kwamba mti mkubwa huwalisha wadogo, kwamba msitu mzima ni ukoo wenye huruma ambao sisi binadamu tungefaa kuuiga. Simulizi hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1997 Suzanne Simard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti kutoka misitu ya British Columbia, Kanada, ulioonyesha kwamba kaboni huhama kati ya miti ya aina mbili ambayo mizizi yake inashirikiana na kuvu. Lakini mwaka 2023 watafiti watatu, mmoja wao akiwa miongoni mwa walioandika makala ile ya 1997, walipitia ushahidi uliokusanywa tangu hapo, wakaonya kwamba mengi yanayosemwa kuhusu miti kusaidiana kwa njia hiyo hayajathibitishwa msituni. Kuvu wapo, na ushirika wao na mizizi ni wa kweli. Kila anayeokota uyoga chini ya miyombo mvua zinapoanza anakula matunda ya ushirika huo. Huruma ndiyo iliyokosa ushahidi. Kwa maoni yangu, anayetafuta funzo la kuishi pamoja hana haja ya kusubiri wanasayansi wamalize ubishi wao. Msitu una somo jingine lililo wazi zaidi, nalo liko Usukumani.

Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania, na jina hilo lilikuwa na sababu. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifyeka mapori kwa maeneo makubwa ili kuondoa makazi ya mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, kuni zikahitajika. Ila pigo linalonigusa zaidi halikupigwa kwa shoka. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: kipande cha malisho, cha familia au cha kijiji, ambacho hufungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti vipumue, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokaza, wakitangulizwa ndama, wanyama wagonjwa na waliozeeka wasioweza kutembea mbali. Desturi hiyo ilitegemea kitu kimoja, kwamba watu wanajuana na wanaijua mipaka. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowahamisha watu kutoka kwenye miji yao ya asili, ngitili zilibaki nyuma bila macho ya kuzilinda. Mpaka ambao hakuna jirani wa kuuheshimu ni mstari tu ardhini. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizojulikana kubaki zilikuwa takriban hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimefufuliwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800, vikiwemo vya wilaya ambazo leo ziko mkoani Simiyu.

Sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Vitalu na miche vilikuwepo, lakini kilichorudisha uoto kwa ukubwa huo ni visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi iliyoonekana imekufa. Ng'ombe walipozuiwa na shoka likapumzishwa, machipukizi yalijitokeza yenyewe. Kazi ngumu ilikuwa kumzuia ng'ombe wa jirani, na hiyo haifanywi na bwana miti aliyekuja na gari mara moja kwa mwezi. Ilifanywa na dagashida, baraza la Wasukuma linalotunga taratibu na kuamua makosa, na sungusungu waliozisimamia. Aliyeingiza mifugo wakati ngitili imefungwa alitozwa faini mbele ya watu anaokutana nao kisimani kila siku. Hapo ndipo naliona somo la msitu kwa jamii. Imani kati ya watu nayo ina mizizi inayodumu hata baada ya matawi kukatwa, na huchipua ikipewa sheria inayoeleweka na muda wa kutosha. Watu wa Shinyanga hawakufundishwa ushirika upya. Walirudishiwa mamlaka juu ya jambo walilokuwa wanalijua tayari, na tathmini iliyofanywa mwishoni mwa mradi ilikadiria kwamba ngitili zilimpatia kila mtu thamani ya dola 14 hivi kwa mwezi, katika kuni, malisho, dawa, asali na nyasi za kuezekea.

Wapo watakaosema mali ya wote haina mwenyewe, hivyo itafujwa tu. Mwanaikolojia Garrett Hardin aliijengea hoja hiyo jina kubwa mwaka 1968, akieleza malisho ya pamoja ambamo kila mfugaji anaongeza ng'ombe mpaka nyasi zinakwisha. Malisho aliyoyaeleza, hata hivyo, hayakuwa na mkutano, wala faini, wala msimu wa kufungwa. Yalikuwa ya yeyote apitaye. Elinor Ostrom alitumia maisha yake ya utafiti kuonyesha tofauti hiyo, na mwaka 2009 akatunukiwa Nobeli ya uchumi. Sisi tunao ushahidi wa karibu zaidi. Msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, Babati, wenye hekta kama 9,000, ulipangiwa kuwa hifadhi ya serikali, na wananchi wakapinga. Kuanzia mwaka 1994 vijiji vinane vinavyouzunguka vilikabidhiwa usimamizi, vikagawana mipaka, vikatunga sheria ndogo na kuweka walinzi wao. Msitu ukapata nafuu, na mfano huo ukasaidia kuifungulia njia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayovipa vijiji haki ya kumiliki na kusimamia misitu yao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitaki kulipita juu juu. Makubaliano ya kijiji yanaweza kuwa makubaliano ya wenye nguvu. Ngitili hunufaisha zaidi mwenye ng'ombe wengi. Mjane asiye na mfugo hufungiwa eneo alilokuwa akiokotea kuni. Mhamiaji hupewa faini kabla hajapewa kiti mkutanoni. Hayo hutokea, na anayesifu mila bila kuyataja hajaiangalia mila vizuri. Tena mila peke yake haistahimili bei ya ardhi. Misitu ya kaya, yaani makazi ya kale ya Wamijikenda, pwani ya Kenya ililindwa na miiko ya wazee kwa vizazi vingi, lakini hoteli na viwanja vilipoisogelea ilibidi sheria ya nchi isimame nyuma ya wazee. Kuanzia mwaka 1992 kaya zilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO iliziorodhesha kadhaa kuwa urithi wa dunia. Kwa hiyo sidai kwamba serikali ikae pembeni. Nadai kwamba iweke nguvu yake nyuma ya baraza ambalo mjane na mhamiaji wanasikilizwa, badala ya kuja na baraza lake.

Suala hili ni la sasa, kwa kuwa biashara ya hewa ukaa, ambamo kijiji hulipwa kwa kutunza msitu, imefika vijijini. Huko Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, huuza hewa ukaa ya mikoko, na wanakijiji wenyewe ndio huamua fedha ziende kwenye maji au shule. Kwingine mkataba unaweza kusainiwa na mwenyekiti na watu wawili watatu, ukiwa umeandikwa kwa lugha ambayo wengi wa wanaofungwa nao hawaisomi. Msitu unaolindwa hivyo una mlinzi maadamu malipo yanafika, na yakichelewa shoka linarudi, kwa sababu hakuna aliyekubali. Halmashauri za wilaya zidai, kabla ya saini, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ambamo mkataba ulisomwa kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, pamoja na miaka yake na mgawo wa fedha. Mikataba ya aina hii inawafunga hadi watoto ambao hawajazaliwa, na wazazi wao wana haki ya kuisikia yote kabla ya kukubali.