Vigango vimeanza kurudi, miji ya Pwani itavipa makao gani?

MGENI anayefika Malindi kwa mara ya kwanza hupelekwa, karibu bila kuulizwa, kuiona nguzo ya Vasco da Gama iliyo kwenye mwamba unaoingia baharini. Msalaba ulio juu yake ulichongwa kwa jiwe la Ureno, nayo nguzo ni ya matumbawe. Baharia huyo alitia nanga hapo Aprili 1498 na hakukaa hata majuma mawili. Hata hivyo, zaidi ya karne tano baadaye, alama aliyoiacha ndiyo iliyochapishwa kwenye kadi za posta, na kila mawimbi yanapoula mwamba huo, wataalamu huitwa kuunusuru.

Hakuna ubaya kuitunza nguzo hiyo. Ni sehemu ya historia, ya uchungu na ya fahari pia. Linaloshangaza ni kwamba mji wenye jadi ya kusimamisha nguzo kwa ajili ya watu wake wenyewe unajulikana zaidi kwa nguzo ya mpita njia.

Karibu na msikiti wa Ijumaa, katika mji wa kale wa Malindi, yapo makaburi yenye nguzo yaliyojengwa na Waswahili karne nyingi zilizopita. Mambrui, kaskazini kidogo, kaburi la aina hiyo lilipambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Ukiupa mgongo ufuo na kupanda bara, kuelekea Kaloleni, Ganze na Magarini, utakuta kwamba Wagiriama nao walikuwa na nguzo zao, ila hizi ni za mti. Ndizo vigango.

Kigango huchongwa kwa gogo la muhuhu, mti mgumu ambao mchwa hauuwezi kwa urahisi. Kina kichwa cha mviringo au bapa, na kiwiliwili kilichotiwa nakshi za pembetatu. Husimamishwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi na mali. Asiyekuwa wa Gohu huwekewa koma, kijiti kifupi kisicho na madoido. Mara nyingi marehemu mwenyewe ndiye hukidai kigango chake kwa kuwatokea jamaa ndotoni, au kwa balaa inayoiandama nyumba. Kikishasimama, hakiguswi. Jamaa wakihamia kwingine kutafuta rutuba, kigango hubaki kwenye mahame.

Desturi hiyo ya kukiacha mahali pake ndiyo iliyowafaa wezi. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980, wakati wakusanyaji wa sanaa ng'ambo walipoanza kuvitamani vigango, vijana wenye njaa walivichimbua usiku na kuviuza kwa vijisenti kwa wenye maduka ya vinyago. Kutoka hapo vilisafiri hadi sebule za matajiri na kumbi za makumbusho Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Monica Udvardy, Linda Giles na Mkenya John Mitsanze ulihesabu vigango 294 katika makumbusho 19 ya nchi hiyo pekee.

Kisa kilichofichua biashara hiyo kinajulikana. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa, na mzee akafariki bila kuviona tena. Mwaka 1999, katika kongamano la wasomi Marekani, Udvardy aliona picha ya kimojawapo kikiwa katika makumbusho huko Illinois. Cha pili kilipatikana katika Chuo Kikuu cha Hampton. Vyote viwili vilirudishwa kwa jamaa mwaka 2007.

Tangu hapo mlango umefunguka. Makumbusho ya Denver yaliamua kurudisha vigango 30, lakini vilipofika Nairobi mwaka 2019 vilikwama katika forodha kwa kudaiwa ushuru wa makumi ya maelfu ya dola, kana kwamba ni shehena ya viti vya kuuza. Mwaka 2023 Illinois ilirudisha vingine 37. Vingi vya vigango hivi havina kumbukumbu yoyote ya boma vilikotolewa, kwa kuwa mwizi hatoi risiti yenye jina la marehemu.

Swali basi ni hili: kigango ambacho jamaa zake hawajulikani kiwekwe wapi? Kukifungia katika ghala la Makavazi ya Kitaifa ni kukihamisha kutoka kifungo kimoja hadi kingine. Wapo wanaopendekeza kwamba visimamishwe mijini, katika bustani na njia panda za Kilifi na Malindi, ili vipambe mji na kuvutia watalii ambao idadi yao imekuwa ikipanda na kushuka.

Pendekezo hili lina nia njema lakini limekosea njia. Kigango si pambo. Ni mtu aliyekufa, kwa imani ya waliokisimamisha, na hakuna anayeweka kaburi la babake kwenye mzunguko wa matatu. Isitoshe, ni tamaa hiyo hiyo ya kugeuza kaburi kuwa urembo iliyoleta wizi. Vigango visivyo na wenyewe vikabidhiwe wazee wa kaya, wavipangie makao palepale misituni. Misitu hiyo mitakatifu ya Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2008, na ulinzi wake ungekuwa ulinzi wa vigango pia.

Lakini mji nao una haki ya kuwa na sura yake. Malindi tayari ina sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwakaidi Waingereza mwaka 1913 na 1914, akahamishiwa Kisii, kisha akatoroka na kurejea Pwani. Kila Agosti tamasha la kumkumbuka hukusanya watu ambao siku nyingine hawana sababu ya kuketi pamoja: wazee wa kaya, wanafunzi, wanasiasa, wafanyabiashara wa kutoka bara. Sanamu pekee isingefanya hivyo. Inafanya kwa sababu wapo watu walioizungushia ngoma, hadithi na siku yake maalumu.

Nairobi ilimsimamisha Dedan Kimathi mwaka 2007 na Tom Mboya mwaka 2011, lakini wapita njia wengi hutumia sanamu hizo kuelekezana tu.

Lipo pia jambo ambalo wapangaji wa miji hupenda kulikwepa. Malindi ni mji wa Waislamu wengi, na si kila mmoja atafurahia umbo la binadamu lililochongwa mlangoni pake. Jibu liko katika mji wenyewe. Nguzo ya kaburi la Mswahili na kigango cha Mgiriama vyote ni vitu vinavyosimama wima ili aliyelala asisahauliwe, na nguzo ya Kiswahili haina uso. Msanii wa leo akipewa kazi ya kuunda nguzo mpya inayozungumza lugha zote mbili, atakuwa na msingi imara. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za utamaduni. Wanaoomba fedha za utamaduni kaunti wanajua hufikiriwa baada ya barabara, maji na karamu.

Haja yenyewe si ya kubuni. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, katika eneo hilo hilo la Malindi, na wafu walitoka pembe nyingi za nchi. Serikali ilitangaza kwamba mahali hapo patafanywa kumbukumbu ya kitaifa. Wako wafu pale ambao hawakutambuliwa na jamaa, na hakuna atakayeota ndoto ya kudaiwa kigango. Kabla ya zabuni kutolewa kwa mjenzi wa ukuta wa saruji, kuna wazee na wachongaji wa Ganze na Kaloleni wa kuulizwa, wangali hai, ingawa muhuhu wanaouhitaji umeadimika na mwingi uliosalia umo ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako kuukata ni kosa.