MAMBA WA KIFUANI SIO CHETI CHA UKISHUA!

Kuna mastaa wa mjini wakitupia fulana ya Lacoste utadhani wamevaa hati ya kiwanja cha Masaki. Kola juu, kifua mbele, picha nne za mamba peke yake. Halafu wanaanza kumcheka dogo aliyeipata ya mtumba, eti pamba ile sio ya kila mtu.

Wangejua mamba huyo katokea wapi, wangeshusha kola.

Mwaka 1923 René Lacoste, kijana wa Kifaransa wa miaka 19, alikuwa Boston, Marekani, na timu yake ya taifa kwenye tenisi ya Davis Cup. Akaona sanduku la ngozi ya mamba dukani, likamkaa rohoni. Nahodha akamwambia shinda mechi, utalipata. Dogo akapambana kweli, lakini Mwaustralia akampiga. Sanduku akalikosa! Alichoondoka nacho ni jina tu. Waandishi wa habari wakamwita Mamba, kwa jinsi alivyokuwa akimng'ang'ania mpinzani bila kumwachia. Baadaye rafiki yake, Robert George, akamchorea mamba, akadariziwa kwenye koti alilokuwa akiingia nalo uwanjani.

Yaani nembo wanayoringia ilianza na mtu aliyekosa kitu cha bei mbaya.

Na fulana yenyewe, hizi ambazo mtaani zinaitwa form six? Enzi hizo wacheza tenisi walivaa mashati ya mikono mirefu, na jua linawaka. Mateso matupu. Lacoste akaja na fulana ya mikono mifupi, kitambaa cha pamba chenye vitundu vya kupitisha hewa. Mwaka 1926 akabeba ubingwa wa Marekani. Biashara ilikuja 1933 alipoungana na André Gillier, mwenye kiwanda cha nguo za kufuma. Kufikia hapo jamaa alishabeba mataji saba makubwa ya mchezaji mmoja mmoja. Alikuwa na cha kuringia, tena cha uwanjani.

Sasa nguo iliyobuniwa kwa ajili ya jasho, staa anaivaa kwenye kiyoyozi, anaogopa hata kuinama isije ikajikunja! Dogo aliyeinunua Karume anaingia nayo kwenye ndondo, anakimbia dakika 90, anatoka imelowa chapachapa. Kati ya hao wawili, nani anaivaa alivyokusudia Lacoste?