Chumvi Isiyoonekana

Kwetu Pwani, mtu mzima mwenye busara husifiwa kwamba amekula chumvi nyingi. Wahenga walikusudia miaka, hawakukusudia munyu wenyewe. Kila siku ina chembe zake, na siku zikikusanyika mtu huitwa mzee. Hawakutaka mtu aimalize chumvi ya miaka 70 kabla hajafika 40. Lakini hayo ndiyo tuyafanyayo siku hizi, na aghlabu hatuna habari, kwa kuwa chumvi nyingi haitoki tena mkononi mwa mpishi. Yatoka chupani.

Mwandishi wa maneno haya aliyafahamu hayo kwa kuchelewa. Tabibu alipompima damu na kuiona imepanda, alimwamuru apunguze chumvi. Kibakuli cha chumvi kikaondolewa mezani siku ile ile. Miezi ikapita, damu haikushuka. Kumbe kila mlo alikuwa akimimina sosi ya tungule ya dukani, juu ya mayai, juu ya samaki, hata juu ya mbatata za kuchemsha, akidhani anakula matunda ya shambani.

Fikira hiyo ilitujia tena tulipofika Isebania, katika jimbo la Migori, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Ng'ambo ya pili ni Sirari, na Wakuria wakaa pande zote mbili. Sokoni shilingi za nchi mbili hupita mkono kwa mkono, na nyanya, ambazo sisi twaziita tungule, zimejaa matenga kwa matenga. Zikiiva kwa pamoja, bei huanguka, na zile zilizolainika jioni hazina mnunuzi. Hatua chache kutoka hapo tuliingia hotelini tukaagiza chakula. Juu ya kila meza palikuwa na chupa nyekundu, iliyoletwa kwa lori kutoka kiwandani mbali. Mji uliojaa tungule wanunua tungule za chupani! Wala tusiwacheke watu wa Isebania, kwani Mombasa na Malindi twafanya vivyo hivyo.

Tuitazame hesabu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Kiasi hicho kina miligramu 2,000 hivi za sodiamu, nayo sodiamu ndiyo inayopandisha shinikizo la damu. Gramu 100 za tungule mbichi hazina ila miligramu chache tu za sodiamu, kama 5. Gramu 100 za sosi ya kiwandani aghlabu zakaribia miligramu 1,000. Tunda ni lile lile. Kilichoongezeka ni mkono wa mtu. Na uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wana shinikizo la damu. Hao ndio jamaa zetu wanaoanguka ghafula kwa kiharusi, tukasema ni husuda.

Dawa si kuiacha sosi, bali kuipika nyumbani. Chukua kilo 2 za tungule zilizoiva vyema. Zitie katika maji yanayochemka kwa muda wa dakika moja, uzitoe, uzimenye maganda. Zikatekate, uzibandike motoni pamoja na kitunguu maji kimoja kikubwa, punje 4 za thomu, kipande cha tangawizi, kijiti cha mdalasini, karafuu 2 na pilipili manga. Moto uwe wa polepole, sufuria iwe wazi, na mwiko usitoke mkononi, mpaka sosi ipungue ibaki nusu au chini ya hapo. Toa mdalasini na karafuu, uisage au uipitishe kwenye chujio. Kisha tia rojo la ukwaju au siki vijiko 3, na tende 2 zilizopondwa ili kuutuliza ukali. Irudishe motoni ichemke tena kidogo.

Hapa pana siri ambayo wapishi wengi huisahau. Sosi ikichemka, maji hutoka kwa mvuke lakini chumvi haitoki. Atiaye chumvi mwanzoni huionja ikiwa nyepesi, na mwisho huila ikiwa nzito. Basi asiyeweza kuikosa kabisa, aitie mwishoni, robo ya kijiko cha chai kwa sufuria nzima. Asidanganyike na vidonge vya mchuzi, kwani aghlabu nusu ya uzito wake au zaidi ni chumvi. Hata magadi tunayotia katika maharagwe yana sodiamu.

Sosi hii haina dawa za kuihifadhi. Itiwe katika chupa iliyochemshwa, ikae ndani ya friji, iliwe kwa muda wa wiki moja. Asiye na friji apike ya siku moja. Na mwenye maradhi ya figo amwulize tabibu wake kwanza, kwani tungule zina potasiamu nyingi, na zikikolezwa huzidi.

Watasema chakula kisicho na chumvi hakiliki. Walakini tungule asili yake ni Amerika. Kabla ya Wazungu kuvuka bahari ile, wazee wetu hawakuijua wala hawakuijua pilipili kali. Walikoleza kwa ukwaju, kwa ndimu, kwa nazi na kwa viungo vilivyoletwa na majahazi. Uchachu huuamsha ulimi hata chumvi ikipungua, na ulimi wenyewe hujifunza baada ya wiki chache.

Linalobaki ni letu sisi wanaume. Nyumbani kwetu, hakuna neno limvunjalo mpishi kama kuambiwa mbele ya wageni kwamba chakula chake hakina chumvi. Kwa kuliogopa neno hilo, wake zetu na mama zetu huongeza kijiko, wakatutia katika maradhi kwa mapenzi. Tulifunge neno hilo mwezi mmoja tu. Na wenye mahoteli, wa Isebania na wa kwetu, wajaribu kuweka mezani bakuli la sosi waliyoipika wenyewe, isiyo na chumvi, na kibakuli cha chumvi kando yake. Anayeitaka ataitia kwa mkono wake, akiiona kwa macho yake.