Daftari la Wiki: Laptopu Inapovuka Songwe

Kijana wa Ipinda, hapa Kyela, amerudi kutoka Johannesburg na laptopu mbili, moja yake na nyingine ya mdogo wake anayeanza chuo Mbeya. Mashine ni safi, na bei aliyonunulia hata Kariakoo ungeitafuta sana. Kilichomkwamisha ni kichwa cha chaja. Afrika Kusini wanatumia plagi ya miguu mitatu minene ya mviringo, na soketi zetu zinataka miguu bapa. Nilimkuta fundi ameshika kisu, tayari kukata waya aufunge kichwa kingine kwa selotepu.

"Kaka, usikate," nikamwambia. "Chomoa huo waya kwenye boksi la chaja, umuuzie mwingine wenye kichwa cha kwetu."

Waya ule una tundu lake nyuma ya boksi, na unatoka wote bila kukatwa. Waya mpya uwe na fyuzi ya ampea 3 ndani ya plagi. Hapo kazi imekwisha, maana umeme wa Johannesburg na wa Kyela ni ule ule, volti 230 na hezi 50. Waya uliofungwa selotepu katika nyumba inayovuja wakati wa masika unaweza kumuua mtoto, na watu wanacheza nao kila siku.

*

Wenye ndugu Marekani wana hofu nyingine. Kule umeme ni volti 120, Japani 100, na wapo waliokwisha kuambiwa kwamba laptopu ya huko ikichomekwa Kyela inalipuka. Geuza boksi la chaja usome maandishi madogo. Ikiwa imeandikwa 100–240V, 50/60Hz, chomeka bila wasiwasi. Karibu chaja zote za laptopu ziko hivyo. Hatari iko kwenye vitu vinavyosafiri pamoja nayo: ekstensheni ya Marekani, printa, na zile kompyuta za mezani za zamani zenye swichi ndogo nyekundu mgongoni, upande mmoja 115, mwingine 230. Ikiachwa kwenye 115 ikakutana na umeme wa TANESCO, inaungua papo hapo. Shule zinazopokea kompyuta za msaada zimteue mwalimu mmoja azikague swichi hizo zote kabla ya kuchomeka hata moja.

*

Sasa twende Kasumulu, mpakani na Malawi. Karonga, mji wa upande wa pili, iko karibu na sisi kuliko Mbeya, na tangu Malawi ishushe kwacha yake kwa asilimia 44 Novemba 2023, kila mtu anaamini ng'ambo ya mto Songwe kila kitu ni rahisi. Kilichozalishwa kule kinaweza kuwa rahisi, lakini laptopu haizalishwi Karonga. Mwenye duka ameiagiza kwa dola, na dola ikipanda anapandisha na yeye.

Halafu kuna forodha. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ushuru wa forodha wa kompyuta ni asilimia 0, na wengi wanaishia kusikia hapo tu. VAT ni jambo jingine, na kiwango chake cha kawaida huku Bara ni asilimia 18. Anayerudi kuishi nyumbani na mashine aliyokuwa akiitumia kule hatazamwi sawa na mwenye mabegi ya mashine tano ndani ya maboksi yake. Risiti itunzwe, na iwe mkononi. Ninaowaonea uchungu ni vijana wanaozunguka vivuko vya mtoni usiku kukwepa kodi ya mashine moja. Maji ya Songwe yakijaa hayana huruma.

*

Hili ndilo ningetaka kila mtuma laptopu aliye Muscat, Guangzhou au London alielewe: Kyela ni mahali pa maji. Tuko chini kabisa kando ya Ziwa Nyasa, kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, milima ya Livingstone upande mmoja na Rungwe juu yetu, na mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Mkulima wa kakao anajua mbegu iliyokauka vizuri ikilazwa kwenye sakafu ya saruji mwezi wa nne inavuta unyevu upya hadi inaota ukungu. Laptopu iliyofungiwa kabatini masika yote haina tofauti. Fundi mmoja wa mjini alinifungulia moja: skrubu zimeshika kutu, na kwenye bodi, pale waya wa kioo unapoingia, kuna unga wa kijani. Mwenyewe alikuwa akiitunza, hataki ichakae.

Iwashwe, hata mara mbili kwa wiki. Joto lake lenyewe linafukuza unyevu. Isilale sakafuni, na radi zikianza kupiga upande wa Matema, chomoa chaja ukutani. Kuizima tu hakutoshi.

*

Nilimuuliza fundi huyo huyo kama angeshauri watu wanunue aina gani. Hakutaja jina la kampuni. Alisema anataka ile ambayo kioo na kibodi yake anavipata Mbeya. Waranti nyingi zinaishia kwenye nchi ya duka, hivyo shangazi akikununulia Ulaya mashine nyembamba ya kupendeza, yenye ramu iliyochomelewa kwenye bodi na betri ya gundi, siku ikizingua utamtafuta nani? Za Ufaransa nazo zina kibodi ambayo A imekaa mahali pa Q. Mpangilio unabadilishwa ndani ya programu, ila maandishi ya vitufe yanabaki vilevile, na mwanafunzi anayeanza kujifunza kuchapa atateseka.

*

Laptopu zilizotumika zina mtego mwingine. Nyingi zilikuwa za makampuni, na baadhi zinauzwa zikiwa bado zimefungwa: ukiwasha tu, kabla hata ya Windows, inadai nywila ambayo muuzaji haijui. Fundi wa kuifungua Kyela ni wa kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo ndugu yako akiwa bado dukani, mpigie simu ya video. Mwombe aizime kabisa, aiwashe upya ukiona, akuoneshe chaja kwa karibu hadi maandishi yasomeke, achomoe waya wa umeme uone mashine inabaki hai kwa betri. Ndipo alipe.