JASHO LINA HAKI YAKE, NA DAMU JE?

Ndugu wanachama,

Siku ya Ijumaa, tarehe 25 Disemba, 2020, Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash lililokamilika mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja hali mafundi wamo ndani wakilitengeneza. Wafanya kazi wawili walifariki dunia. Mji wote ulililia jumba, na picha zake zikaenea ulimwenguni. Wale wawili walizikwa, na wanaoyakumbuka majina yao ni wachache.

Wala msiba huo haukuja bila ya onyo. Mwaka 2012 sehemu ya roshani za jumba hilo hilo ilikwisha kuanguka. Jengo halina ulimi, lakini husema kabla ya kuua.

Ng'ambo nako si salama. Mjini Dar es Salaam, tarehe 29 Machi, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa lilianguka likaua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba, 2024, likaanguka jengo la Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa chini ya kifusi.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, imo katika vitabu vya Zanzibar, nayo inamtwika mwajiri dhamana ya usalama wa mtu anayemtumia. Kinachokosekana ni jicho la kuisimamia na moyo wa kuiogopa.

Lakini tusiinyoshee kidole Serikali peke yake. Mimi ni mwenye duka, nauza saruji. Namjua anayenunua mifuko mitatu kwa kazi ya mifuko sita, na baadhi yao nawaona katika mikutano yetu. Wengine huchota mchanga wa pwani, na chumvi yake huila nondo polepole ndani ya zege. Kibarua hupandishwa juu ya jukwaa lililofungwa kwa kamba mbovu, na akianguka huambiwa ni kadari. Kadari ni haki, lakini kamba ile tumeifunga sisi.

Kibarua huyo, awe mzaliwa wa Makunduchi au Chake Chake, au awe ametoka Munanila, milimani Kigoma, kuja kutafuta riziki visiwani, ana mama anayemngoja. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tumpe mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ikiwa jasho lina haki hiyo, damu yake ina haki gani?

Basi na tudai mambo matatu. Kwanza, kila penye ujenzi pawekwe ubao wenye jina la mwenye mali, la mkandarasi na la mkaguzi. Pili, mkaguzi awe na uwezo wa kusimamisha kazi yoyote, hata ya mkubwa, hata ya Serikali yenyewe. Tatu, kila jengo likiua mtu, ripoti ya uchunguzi isomwe mbele ya wananchi, isifungiwe kabatini.

Na kabla ya kudai, kila mwanachama anayejenga atazame kwanza kamba zake na saruji yake. Anayetaka insafu kwa wakubwa na aianze uani kwake.

Wabillahi tawfiq.

Mwenye Duka